Kanda Iliyoandikwa "Usifute"

Ufunguo wa kasha la mamangu huning'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi. Tangu utotoni nilijua kilichomo bila kuonyeshwa: hati ya nyumba, dhahabu chache za bibi, doti za leso ambazo hazijapindwa na, chini kabisa, ndani ya mtandio wa melimeli, kanda moja ya video. Ubavuni mwake imebandikwa karatasi yenye maandishi ya wino wa buluu: HARUSI. KWA WANAWAKE. USIFUTE.

Ni harusi ya khalati yangu, mdogo wake mamangu, iliyofanyika nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, mwaka 1991. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka harufu ya asumini na udi, na taa moja kali iliyotufanya sisi watoto tufukuzane na vivuli vyetu ukutani. Picha zenyewe sikuwahi kuziona tangu nipate akili. Deki yetu ilikufa zamani, na hata ilipokuwa hai kanda ile haikutolewa ovyo. Ilitazamwa milango imekomewa, wanaume wamekwenda zao barazani, kisha ikarudi kashani kabla hawajarejea.

Zilikuwapo nyingine kumi, lakini hizo hazikuwa na heshima hiyo. Zilirundikwa juu ya kabati la darini pamoja na feni mbovu. Maulidi, mashindano ya jahazi, watoto wakiogelea, mjomba akiagwa ufuoni, na saa nzima ya mpira ambao mpaka leo hakuna anayejua waliocheza ni kina nani wala nani alimfunga nani.

Nilizianza hizo kumi. Namshukuru Mungu, maana makosa yote niliyafanyia huko.

Kamera ilikuwa ya mjomba. Alikuwa akifanya kazi Jeddah, akarudi nayo mwaka 1990: dude la kubebwa begani, linalomeza kanda nzima ya VHS ubavuni. Kwa mwaka mmoja hakuwa na kazi nyingine. Alikuwa akirekodi hata punda wakipakuliwa mchanga. Harusi ya dadake ilipofika, akagundua jambo ambalo hakulifikiria alipokuwa dukani Jeddah: usiku wenyewe wa kupamba, ambao ndio harusi hasa, yeye hana ruhusa ya kuingia. Bibi-harusi ni dadake na mwenye nyumba ni mamake, lakini wale wageni wengine wote waliovua buibui ni wake za watu na binti za watu. Basi akamwita binti wa jirani, msichana wa miaka kumi na saba, wakaketi dakani nusu saa. Akamfundisha: hapa unawasha, hapa unavuta picha karibu, taa nyekundu ikiwaka ndiyo inarekodi. Kisha akamkabidhi kamera yake kama mtu anayemkabidhi mwingine mtoto mchanga, na mlango ukafungwa.

Kwa hiyo mwenye kamera hakuwahi kuona kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa na kamera yake. Jambo hili sikuwahi kulifikiria mpaka mwaka 2025, nilipoanza kazi ya kuzihamisha kanda hizi kwenye kompyuta.

Mtu akikwambia kanda za video "zinaoza", usidhani anatia chumvi. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, kazi ya kampuni ya JVC. Ndani yake mna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, na kanda ya saa tatu kama zetu ina kama mita 258 za utepe huo. Juu ya plastiki umepakwa unga wa madini ya chuma, na kinachoushikilia unga huo ni gundi. Picha ya bibi yangu akitabasamu si kitu kingine ila mpangilio wa sumaku ndani ya unga uliogandishwa kwa gundi. Gundi nayo hunywa maji ya hewani. Ikinywa ya kutosha hulainika, ikaanza kunata, na utepe ukipita kwenye deki unga hubanduka, na picha ikabanduka nao.

Sasa fikiria nyumba yetu. Kuta za mawe na chokaa, upana wa mkono mzima, zinazotoa jasho kila kusi kikivuma. Bahari iko hatua chache. Mvua za Elnino za mwaka 1997 zilivuja darini siku baada ya siku, na kabati lile lilikuwa chini ya pavujapo. Kama ningeombwa nibuni mahali pa kuulia kanda za video, nadhani ningebuni dari yetu.

Na hata kanda ikisalimika, kitu cha kuichezea ndicho kinachotoweka. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani iliyokuwa ikitengeneza deki, iliacha mwezi Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walitoa tahadhari kwamba kufikia karibu mwaka 2025 kuzichezesha kanda za sumaku huenda kukawa hakuwezekani tena, kwa kukosa mashine, vipuri na mafundi. Nasi tukangoja hadi huo huo mwaka 2025 ndipo tukaamka.

Si kweli kwamba hatukujaribu kabla. Miaka kumi na kitu iliyopita ndugu yangu alipeleka kanda tatu kwenye duka moja huko Mombasa lililokuwa likihamisha kanda kwenye DVD. Zilirudi kanda mbili na DVD mbili. Ya tatu "iliharibika kwenye mashine", akaambiwa, na alipouliza mabaki yake yako wapi akaangaliwa kama mtu anayedai taka. Zile DVD zilionekana vizuri mwaka wa kwanza. Leo hazisomeki. DVD ya kuchoma nyumbani huandikwa kwenye rangi, na rangi huchujuka kwa joto na mwanga, ndiyo maana vijana wengi waliotupa kanda zao wakasema "tuko salama, tuna DVD" leo hawana kimoja wala kingine. Lakini kilichomkaa ndugu yangu moyoni ni kitu kingine. Alipoingia kuchukua mzigo wake, kwenye televisheni ya dukani kulikuwa na harusi ya watu wengine ikihamishwa. Wanawake wanacheza, vichwa wazi. Na vijana wanne wameketi wanakunywa soda, wanatazama.

Aliporudi akatusimulia, mamangu hakusema neno. Alipeleka tu mkono shingoni kwenye ule uzi.

Nilinunua deki kwa fundi mmoja mzee wa Mombasa, ya zile zinazokubali mifumo yote. Ilisafiri kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, na ilipofika gatini nikakataa kuipakia punda. Hamali alinicheka, lakini akaibeba begani mpaka mlangoni, akipiga kelele "chombo cha watu!" kila tulipokutana na punda kwenye vichochoro visivyopitisha wawili.

Fundi alinifundisha kwa simu. Ndani ya deki pana pipa dogo la chuma linalong'aa, na pembeni mwake mna vichwa viwili vidogo mno, huvioni ila ukiinama. Pipa hilo huzunguka mara 25 kwa sekunde, na kila mzunguko ni picha moja. Likichafuka, huoni ila mvua ya vidoti vyeupe. Kulisafisha unachukua kitambaa kisichotoa nyuzi, unakilowesha kwa spiriti safi ya isopropili, unakiegemeza tu ubavuni mwa pipa, kisha unalizungusha pipa taratibu kwa kidole kutoka juu. "Kitambaa kitulie, pipa lizunguke," aliniambia mara tatu. "Ukisugua juu chini, umevunja vichwa, na mimi sina vingine." Pamba ya masikioni alinikataza kabisa, kwa kuwa nyuzi zake hunasa.

Kanda ya kwanza niliyoitia ilikuwa ya binamu aliyehamia Marekani, alitutumia harusi yake. Picha ikatoka nyeusi na nyeupe, inapanda juu na kushuka kama jahazi kwenye wimbi. Nilidhani nimeua deki siku ya kwanza. Fundi akacheka. Kenya tulitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, na Marekani wao walitumia NTSC, mistari 525 na karibu picha 30. Akanielekeza swichi nyuma ya deki. Nilipoisogeza, binamu yetu akatokea kwa rangi zake zote, anakata keki. Mamangu akapiga kite. Miaka yote ile kanda hii tuliisema ni mbovu, kumbe ilikuwa ikisema lugha nyingine tu.

Ya pili ilikuwa ya Maulidi. Hiyo niliiona nzima, ila ukitazama kupitia kidirisha chake, kwenye kingo za utepe palikuwa na weupe kama wa majivu. Ukungu. Nikaitia hivyo hivyo. Usifanye nilivyofanya. Ndani ya dakika mbili picha ilifumbwa, na ukungu ule ulikuwa umeshapakwa kwenye pipa, tayari kuambukiza kila kanda itakayofuata. Nilisafisha deki siku nzima. Kanda nikaiweka kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, nilivyoviokota kwa kila jamaa aliyekuwa navyo. Wapo wanaotumia mchele. Mchele una vumbi lake, uache kwa pilau. Baada ya wiki tatu weupe ulikuwa umekauka ukawa unga, nikaupangusa nje uwanjani, nimejifunga kitambaa puani, nikiuzungusha utepe kidogo kidogo kwa mkono. Gamba la kanda nilibadilisha. Kanda ya mpira usio na mshindi, ambayo tayari nilikuwa nimeihamisha, ikatoa gamba lake, na hatimaye ikawa na faida.

Ilipocheza, tuliliona zefe likitoka Riyadha, msikiti aliouasisi Habib Saleh, matari yanapigwa, bakora juu, kanzu zimejaa njia nzima mpaka hukuoni pa kukanyaga. Nilimtambua babangu kwa mwendo kabla sijauona uso.

Nilitaka kuharakisha. Haiwezekani. Faili unainakili kwa dakika, lakini kanda ya saa tatu itakuchukua saa tatu, kwa sababu njia ya pekee ya kuitoa picha ile ni kuicheza. Waya za njano, nyeupe na nyekundu zinatoka kwenye deki, zinaingia kwenye kijisanduku cha USB, na kompyuta inapokea kinachopita kwa wakati ule ule. Ukitoka kwenda jikoni na picha ikayumba, imeyumba milele ndani ya faili. Kwa hiyo tuliketi. Mamangu na mimi, jioni baada ya jioni, kahawa kavu na kashata, tunatazama watu wakiogelea mwaka 1992. Umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mbili tulirudia mwanzo. Baadaye nikanunua betri ya akiba.

Mafaili yenyewe ni makubwa. Kwa mfumo wa DV saa moja inakula kama gigabaiti 13, na watu wa hifadhi hupendelea mifumo isiyopoteza kitu, ambayo hula zaidi. Nakala hiyo kubwa ndiyo asili mpya, huigusi, huipambi, huing'arishi. Ya kutazamia unaitengeneza kutoka humo, ndogo, ya MP4. Nasema hivi kwa sababu binamu zangu walitaka nipige tu televisheni kwa simu niwatumie kwa WhatsApp. Ukifanya hivyo umepata picha ya picha, kisha WhatsApp nayo ikaibana tena, na bibi yako akabaki na uso kama wa ugali.

Kanda kumi zilikwisha mwezi wa tisa. Niliogopa kuiomba ya kumi na moja, na sikuiomba. Siku moja baada ya Isha mamangu aliivua mwenyewe ile melimeli na kuiweka mezani.

Ilikuwa safi. Hakuna ukungu, hakuna harufu ya siki, ila udi kidogo uliotoka kwenye leso. Nikaona kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda kimevunjwa. Kikiwa kimevunjwa, deki haikubali kurekodi juu yake. "Nilikivunja mwenyewe kwa kisu, asubuhi ile ile," mamangu akasema. "Mjombako alikuwa na hamu ya kurekodi mashindano ya punda."

Nikaitia, nikabonyeza kurudisha mwanzo. Ikazunguka, ikazunguka kasi, kisha "tap", na deki ikanyamaza.

Utepe ulikuwa umechomoka mwanzoni, pale unapobanwa kwenye gurudumu. Nilijua nini kimetokea na nilijua kinatengenezeka, lakini mikono ilinitetemeka. Tulitandika shuka jeupe sakafuni. Mamangu akashika tochi. Skrubu ni tano, nikazitia kwenye kikombe cha kahawa moja moja, tukasikia kila moja ikilia. Nilipiga picha kabla ya kufungua gamba, kwa sababu ndani mna springi ndogo ambayo ikiruka hutajua ilikuwa upande gani. Gurudumu lina kipande kidogo cha plastiki kama jino, ukikichomoa unauingiza mwanzo wa utepe chini yake, unakirudisha, kinabana. Hakuna gundi. Selotepu usiikaribishe hata kwa mzaha, gundi yake huyeyuka ikapaka vichwa. Kazi yote haikuzidi dakika kumi. Mamangu alikuwa akisoma kimoyomoyo muda wote, nilimwona midomo.

Sitaeleza kila nilichokiona, na sababu yake nitaifikia. Nitasema tu kwamba khalati yangu alikuwa ameketi chini ya zidaka, mikono yake imejaa hina na piko hadi viwiko, vikuba kifuani, macho ameyainamisha kama ilivyompasa, na kila baada ya muda anayainua kidogo kuangalia nani kaja. Kwamba wanawake walipiga vugo, pembe za ng'ombe zinagongwa kwa vijiti, na nyimbo zikijibizana upande kwa upande. Kwamba kuna mtoto mwenye gauni la njano anayepita mbele ya kamera bila adabu mara saba, na huyo ni mimi. Na kwamba bibi, aliyefariki mwaka 2003, anakuja mpaka mbele ya kioo cha kamera, anachungulia ndani, uso mzima, anasema kwa Kiamu chake, "Kidude hichi chataka nini? Ndoo mwanangu, ndoo ule kwanda," yaani njoo mwanangu, njoo ule kwanza. Yule binti akaiteremsha kamera na kwa dakika tatu kinachoonekana ni mkeka na miguu, na sauti ya mtu anayelishwa biriani kwa nguvu.

Mamangu alilia hapo kwenye mkeka. Bibi alipokuwa akionekana hakulia.

Ilipokwisha nikasema, bila kufikiri, "Tumeihifadhi." Akanitazama.

"Bado," akasema. "Hivi sasa ndiyo iko hatarini."

Nilipoteza usingizi kwa neno hilo, kwa sababu alikuwa sahihi. Kashani ilikuwa moja. Ili mtu aione ilimbidi apate ufunguo, deki, umeme na idhini ya mamangu. Sasa ni faili, na faili linaweza kufika Muscat na Toronto kabla chai haijapoa, likarudi Lamu kwa mlango wa nyuma kwenye simu ya kijana asiyetujua. Kwetu mtu akikuombea "Mungu akuhifadhi", haombi uwekwe jumba la makumbusho. Anaomba usitiriwe. Mimi nilikuwa nimebeba nusu ya neno.

Nilijiuliza wengine wamefanyaje. Hapa hapa Lamu, hati za kale za Riyadha zilipigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hati zilizo hatarini, na leo mtu yeyote popote anaweza kuzisoma. Ni kazi ninayoionea fahari. Lakini vitabu vile viliandikwa visomwe. Mwanamke aliyevua buibui ndani ya nyumba ya rafiki yake, milango imefungwa, alikuwa na makubaliano na waliokuwamo chumbani. Hakukubaliana na intaneti, ambayo haikuwapo.

Basi mamangu akatoa wazo ambalo lilituchukua miezi miwili. Turudi kwenye kanda, tuisimamishe kila uso, tuandike. Tulipata wanawake 41 tuliowatambua. Kumi na saba wamefariki. Waliobaki tuliwaendea, baada ya Alasiri, mmoja mmoja, Mkomani, Langoni, Shela, wawili Mombasa, mmoja Muscat kwa simu. Tulibeba kompyuta. Yule aliyeshika kamera ndiye tuliyeanzia kwake, ana wajukuu sasa, akaangalia kazi yake na neno la kwanza alilosema ni, "Mbona mkono wangu watetemeka hivyo?"

Mmoja alisema nimuondoe, siku hiyo hiyo, na hakutaka hata kuiona hiyo picha yenyewe. Nikamwambia nitafanya. Mwingine, mzee wa miaka sabini na kitu, akaomba kwanza ajione akicheza lelemama. Akaangalia kimya. Akaangalia tena. Akasema, "Kumbe nilikuwa hivi," akaomba nakala mbili, moja ya binti yake, moja ya mkamwana "anayejiona". Waliofiwa ndio waliotutatiza. Binti mmoja alisema mamake hakupiga picha hata ya pasipoti kwa hiari, alijisitiri maisha yake yote, nani atamfunua akiwa kaburini? Dadake, tumbo moja, akasema hana picha nyingine ya mamake akicheka. Walibishana mbele yetu. Sisi tulikunywa chai tukainuka, na mpaka leo hawajatupa jibu moja, nasi hatujawabana.

Ikawa hivi. Asili nzima imefungwa kwa nywila, nakala tatu: diski moja nyumbani, moja kwa dadangu Mombasa, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni, ikiwa imefungwa kabla ya kupandishwa. Diski nazo hufa, kwa hiyo kila mwaka nitazifungua nizilinganishe, na zikichoka nihamishie nyingine. Wenye nywila ni mimi na dadangu. Mamangu hakuamini kichwa chake, akaomba aandikiwe. Kwa hiyo nywila iko kwenye karatasi, karatasi imo kashani pamoja na kanda, na ufunguo uko shingoni. Watu wa kompyuta watatikisa kichwa. Mimi naona kasha lile lina rekodi nzuri kuliko duka la Mombasa.

Waliokubali walipewa vipande vyao. Na wanaume wa nyumba, hasa wale ambao bibi ni mama yao, tukawatolea sauti peke yake. Hilo lilikuwa wazo la khalati, bibi-harusi mwenyewe. Nikaondoa picha yote, ikabaki vugo, vigelegele, sahani, watoto, na sauti ya bibi akiamrisha kila mtu ale. Mzee mmoja aliona hata hilo si sawa, alisikia nyimbo za wanawake, akatoka. Sikumlaumu.

Mjomba alikuja Ijumaa. Ana miaka sitini na sita na masikio yake si ya zamani, basi nikamletea spika dakani, pale pale alipomfundishia yule binti kamera. Nilikuwa sijamwambia kilichopo mwanzoni, kwa sababu mimi mwenyewe niliposikiliza mara ya kwanza sikukijua. Kabla ya vugo, kabla ya kitu chochote, kuna kishindo cha kamera ikiinuliwa, na kwa mbali, nyuma ya mlango, sauti ya kijana:

"Umebonyeza? Nyekundu yawaka?"

"Yawaka," binti akajibu.

"Usifunike kioo kwa kidole!"

Na bibi, karibu kabisa, kwa ukali: "Nani huyo mlangoni? Mwambiye ende zake, huku ni kwa wanawake."

Mjomba alishika goti langu. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia nirudishe tena. Mara ya tatu, bibi alipofika kwenye "ende zake", mjomba akaijibu ile spika, "Naenda, mama, naenda," akaisogeza karibu na sikio lake na asiinuke.